Mchuzi wa Kaa wa Bremen

Kijiwe chetu ni benchi la chuma mbele ya kioski ya Bi Nurten, upande wa kaskazini wa stesheni ya Dortmund, pale tramu zinapokata kona zikilia kama zinachinjwa. Hapa hakuna anayeitwa jina la mama yake. Paramjit, dereva wa teksi, Kalasinga wa Punjab mwenye kilemba cha buluu, ni Siagi, maana kwake kitu kisichotiwa siagi si chakula, ni dawa. Sivanesan, aliyeendesha tramu mpaka akastaafu, ni Ramani, mpanga safari zetu. Mimi ni Unga, kwa sababu nimezeekea kiwanda cha mikate. Na Thambirajah, mkubwa wetu, ni Chumvi: huomba chumvi kabla hajaonja. Tangu kiangazi hiki kianze, sisi wanne hukata tiketi ya kundi, tukapanda treni za polepole kwenda miji ya watu kutafuta mgahawa wenye mchuzi wa maana. Safari ya mwisho ilikuwa Bremen. Tangu turudi, Chumvi hakukanyaga kijiweni, na sisi tuliobaki tulikuwa hatunywi kahawa bila kugombana.

SIAGI: Mimi nilisema twende Kassel.

RAMANI: Kassel tulishakwenda. Ukaletewa kuku amezama kwenye nanasi.

SIAGI: Nanasi halijawahi kuvunja nyumba ya mtu.

RAMANI: Na Münster je? Mchuzi mweupe kama uji wa mgonjwa. Mhudumu anakuuliza, "Mzee, ukali wa Kijerumani au ukali wa Kihindi?" Unasema wa Kihindi, unaletewa wa Kijerumani.

MIMI: Afadhali Münster. Hannover tuliagiza mchuzi wa bizari, ikaja soseji.

SIAGI: Chema chajiuza, kibaya hupandiwa treni. Lakini Bremen, Ramani, Bremen ulituuza. Nani alikwambia kuna mgahawa kule?

RAMANI: Abiria mmoja.

SIAGI: Abiria gani na wewe umestaafu?

RAMANI: Basi hekaluni. Kule mjini Hamm. Watu walikuwa wanaongea.

SIAGI: Watu gani?

Ramani akainua kikombe akanywa. Kikombe kilikuwa kitupu, tulikiona wote.

Niseme ilivyokuwa. Mke wa Chumvi, Maheswari, alifariki majira ya baridi yaliyopita. Mama yule alikuwa na mchuzi wake mmoja wa kaa, wa kwao Jaffna, kaskazini mwa Sri Lanka: bizari anaikaanga mpaka inakuwa nyeusi, ukwaju kidogo, na mwishoni anatupia majani ya mlonge. Ukila kwake Jumapili, Jumatatu unanusa vidole kazini. Alipokwenda, Chumvi akawa mtu wa mkate na jibini. Kila mgahawa tuliomwingiza aliomba chumvi, akaonja, akaweka kijiko chini. "Si mkono wake," anasema, halafu anatungoja nje. Kwa hiyo ukiona wazee wanazunguka Ujerumani kwa treni za polepole, usidhani ni ulafi. Tulikuwa tunautafuta mkono wa marehemu.

Jambo la pili lilikuwa halisemwi pale benchini. Chumvi ana binti, Yalini. Aliolewa na Kugan, kijana wa kwetu, Mtamili, dini yetu, lugha yetu. Tatizo ni kwamba kwao Kugan ni wagema. Babu zake walikwea miti ya mivumo kugema tembo, na kwa kina Chumvi, wenye mashamba na visima, mgema alikuwa akipewa maji nje ya ua, anakinga viganja, anamiminiwa kutoka juu ili kata isimguse. Siku ya harusi Chumvi alivaa nguo za kazi, akaenda kuosha vyombo kwenye hoteli alikoajiriwa. Toka siku hiyo akawa mtu asiye na mtoto.

SIAGI: Mimi nilijua pale pale alipoisahau chumvi.

MIMI: Hakuisahau. Alikuwa ameishika mkononi.

SIAGI: Ameishika, hakuitia. Alionja, akaganda. Halafu akavua saa.

Ni kweli. Mgahawa wenyewe ulikuwa nyuma ya bandari, meza chache, bila sanamu ya tembo wala muziki wa kubembeleza watalii. Chumvi alivua saa, akakunja mikono ya shati, akavunja miguu ya yule kaa kwa meno, akafyonza, akafuta sahani kwa wali mpaka ikang'aa. Machozi yakawa yanamtoka. Akasema ni pilipili. Halafu akasema taratibu, kama mtu anayeongea na ukuta, "Huyu ni Mahes." Akamwita mhudumu, akasema anataka kumshika mpishi mkono.

Akatoka Yalini. Aproni kiunoni, nywele zimeanza mvi. Alisimama kando ya meza.

"Baba."

Chumvi alikuwa bado ana vidole ndani ya sahani.

"Umepika wewe?"

"Mimi tangu lini nikajua kupika, Baba? Amepika Kugan. Mama ndiye aliyemfundisha. Zile Ijumaa alizokuwa anakuaga anakwenda hekaluni, alikuwa anakuja hapa."

Mlango wa jikoni ulikuwa na kidirisha cha duara, na nyuma ya kile kioo alisimama mwanamume mwenye kofia ya mpishi. Hakusogea mbele wala nyuma. Chumvi akainuka. Hakunawa. Akatoka nje na bizari vidoleni, na Yalini akamkimbilia na kopo la chakula lililofungwa kwa kitambaa, akamtia mikononi. "La njiani, Baba." Akalipokea, nadhani kwa sababu mikono ilikuwa wazi. Tulipofika stesheni akaliweka juu ya benchi la jukwaani, akapanda treni.

RAMANI: Na wewe Siagi, mlafi usiye na haya, ukaliokota.

SIAGI: Niliache liliwe na njiwa? Chakula hakitupwi. Kwetu hekaluni kila anayekuja huketi chini akala, awe tajiri, awe mwizi.

RAMANI: Ungelila nyumbani kwako! Wewe ukalifungua mle mle ndani ya behewa! Harufu ikajaa mpaka yule bibi wa Kijerumani akauliza kuna nini.

SIAGI: Nilikuwa na njaa.

MIMI: Chumvi akahamia behewa jingine. Tangu pale hajatusemesha.

SIAGI: Atakuja. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

RAMANI: Hiyo inahusiana vipi?

SIAGI: Inahusiana. Mwenyeji ni sisi, tunaumwa.

Na kweli, kabla Bi Nurten hajatoa kahawa nyingine, Chumvi akatokea upande wa stesheni. Amenyoa, amevaa koti zito japo jua lilikuwa kali. Hakusalimia. Akaketi ncha ya kushoto, akamkazia macho Ramani.

CHUMVI: Nani alikutuma?

RAMANI: Kaka, kunywa kwanza kahawa.

CHUMVI: Nimekuuliza.

Ramani akaangalia reli. Alipojibu, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kubeba.

RAMANI: Shemeji. Nilipokwenda kumwona hospitali. Alisema, "Siku moja mpeleke akale. Usimwambie ni wapi."

CHUMVI: Mke wangu alikwambia wewe?

RAMANI: Mimi.

CHUMVI: Mimi nimelala kwenye kiti kando ya kitanda chake, na siri anakupa wewe.

RAMANI: Angekwambia wewe, ungesemaje?

Chumvi akafunga kifungo cha juu cha koti. Bi Nurten akaweka kahawa mbele yake, akarudi ndani haraka. Naye ana pua ya kunusa ugomvi.

CHUMVI: Ijumaa zote zile. Ananifungia chakula kwenye friji, anavaa sari ya hekaluni, ananiambia nimwombee mguu usimuume njiani. Namwombea. Kumbe anakwenda kumpa mgema chungu tulichorithi kwa mama yangu.

SIAGI: Kijana anapika, bwana. Msifu, yaishe.

CHUMVI: Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

SIAGI: Hiyo methali haikutungwa kwa ajili ya ukoo wa mtu!

CHUMVI: Imetungwa kwa ajili ya nani basi? Imesema mgema, haikusema dereva wa teksi.

SIAGI: Sikiliza, kaka yangu. Maisha yako yote hapa umeosha sahani walizolia watu usiowajua, umekwangua mafuta ya nguruwe kwa kucha zako. Hukuwahi kuuliza ukoo wa aliyelamba kijiko. Leo unachagua mkono wa mkweo?

CHUMVI: Ile ilikuwa kazi. Hii ni tumbo langu.

Akasema hivyo akiwa amejishika tumbo kweli, kama mtu aliyekula sumu. Nikamwonea huruma, na hasira pia. Wote tulikuwa na hasira. Lakini mtu ni rafiki yako, umekula naye nanasi la Kassel. Ukimwona amekwama kwenye shimo alilochimba mwenyewe unatafuta kamba yoyote, hata iliyooza.

RAMANI: Lakini kaka, tuna hakika gani kwamba ni Kugan aliyepika? Labda ni Yalini mwenyewe, anamsingizia mumewe ili kumpandisha hadhi.

CHUMVI: Yalini akichemsha maji yanaungua.

SIAGI: Basi kuna msaidizi. Mpunjabi. Nitajieni mgahawa wa Kihindi Ujerumani usiokuwa na Mpunjabi jikoni.

RAMANI: Mpunjabi apike kaa? Wewe ulikuwa unamla na maganda.

SIAGI: Nilikuwa namheshimu.

MIMI: Pengine ni maji. Bremen iko karibu na bahari. Maji yake yana chumvichumvi kama ya visima vya Jaffna, kwa hiyo yeyote akipika kule, mchuzi unakuwa wa kwetu wenyewe.

Sijui hayo niliyatoa wapi. Nimewahi kuishi Bremen mwezi mzima na maji yake ni maji tu.

RAMANI: Au ni marehemu mwenyewe. Nyumba njema si mlango. Roho huingia popote palipo na chungu chake, ikashika mwiko. Nilipokuwa mdogo, kijijini kwetu kulikuwa na mjane aliyekuwa akiamka anakuta wali umeiva.

SIAGI: Naunga mkono. Kijana alisimama mlangoni tu, mlimwona. Mpishi gani anasimama tu? Kuna mtu mwingine alikuwa anapika.

Tulikuwa tunamtupia hizo kamba moja baada ya nyingine, na Chumvi alikuwa ameinamisha kichwa. Nikadhani hasikilizi. Kumbe alikuwa na yake.

CHUMVI: Ulikuwa umegandishwa.

RAMANI: Nini?

CHUMVI: Mchuzi. Nimelifikiria siku zote hizi. Mahes alipokuwa na nguvu alipika, akawaachia kwenye friza. Vikopo vikopo. Ndivyo alivyokuwa, alikuwa anaandaa vitu kabla. Yule mgema hakupika kitu. Alichofanya ni kupasha moto.

Tramu ikapita, ikakata kona.

CHUMVI: Aliniona nimeingia, akatoa kopo kwenye friza, akapasha. Mimi nimekula chakula cha mke wangu. Sikula kwa mtu mwingine. Mkono ni wa Mahes kwa sababu ni wa Mahes.

Siagi akanitazama, nikamtazama Ramani. Sote tulikumbuka mhudumu alivyotuambia kaa wamefika asubuhi ile kutoka bandarini, na tulivyowaona ndani ya beseni la barafu wakipapasa miguu.

SIAGI: Friza za siku hizi ni kali sana.

RAMANI: Sana. Kitu kinakaa hata mwaka.

MIMI: Na majani ya mlonge hayaharibiki yakigandishwa.

CHUMVI: Ndiyo ninavyosema.

Akavuta kahawa yake, akanywa kwa mara ya kwanza. Mabega yakamshuka. Kidogo benchi likawa benchi tena, na Ramani akaanza hata kutaja Nürnberg, eti kuna Mbengali kule ana mbuzi wa nazi.

Pembeni yetu, akiegemea dirisha la kioski, alikuwa amesimama Shafiqul, msambaza vifurushi aliyehamia mtaani kwetu hivi karibuni, mtu mpole ambaye hata jina la kijiweni hajapewa. Alikuwa na sandwichi mkononi, amesahau kuila. Alikuwa amesikia yote, toka kopo la jukwaani hadi friza, na uso wake ulikuwa umeumia kama uso wa mtu aliyefiwa na wa kwake. Akapangusa mdomo kwa adabu.

"Samahani, mzee. Pole sana kwa mama. Naomba kuuliza tu."

"Uliza," Chumvi akasema.

"Kama chakula cha kwenye lile kopo alipika mama kabla hajafa, mbona ulikiacha stesheni?"

Siagi akashika kilemba chake. Ramani akainamia kahawa yake. Chumvi alikuwa anatazama vidole vyake vya mkono wa kulia, vile vitatu vya kulia wali, akivisugua taratibu kwenye kidole gumba.

Shafiqul akatuangalia mmoja mmoja, akaona haya. Kijerumani, lugha tunayoelewana hapa benchini, kwake bado kichanga, akadhani hakueleweka. Basi akauliza tena, polepole zaidi, akitamka kila neno.