Mama Romana na Watoto wa Mwaka wa Unga wa Njano

Na Damasi Tluway, Kitengo cha Takwimu

Tarehe 30 Juni 2022, Dkt. Emerensiana Lohay, ambaye Babati nzima inamwita Mama Romana, anastaafu rasmi baada ya miaka thelathini na tisa ya utumishi. Alianza akiwa mkunga wa miaka ishirini na moja. Anaondoka akiwa mtafiti mkuu wa epidemiolojia ya vinasaba katika kituo chetu. Katikati hapo kuna karatasi mia nne na kumi na mbili, na kusema kweli wasifu huu ni habari ya karatasi hizo.

Februari 1983 alipangiwa kazi kwenye kliniki ndogo ya wazazi, Bagara. Enzi hizo Babati ilikuwa bado Mkoa wa Arusha, na nchi ilikuwa imeishiwa karibu kila kitu. Sabuni ilipatikana kwa foleni, chai ilinywewa bila sukari, nguo zikafuliwa kwa majani ya mpapai. Mwaka uliofuata mvua nayo ikagoma. Mahindi ya shambani yakakauka yakiwa kimo cha magoti, ukaja unga wa njano wa msaada, na huo nao haukutosha. Waliokuwapo wanasema mji ulikuwa kimya kwa namna ya ajabu. Asubuhi ukungu ulipanda kutoka ziwani ukafunika barabara ya Dodoma, na watu walipita ndani yake polepole, kama wanaotembea usingizini, wakiokoa nguvu.

Kutoka kwenye ukungu huo walikuja akina mama kujifungua. Emerensiana aliwapokea watoto, akawapima, na akaona uzito unashuka mwezi hadi mwezi. Machi 1984 fomu za kliniki ziliisha. Muuguzi mkuu wake, Bernadina, alimshauri aendelee kuzalisha tu na aache kuandika, kwa kuwa hakuna mtu ambaye angeuliza. Alimsikiliza kwa heshima, kisha akaenda parokiani kuomba kalenda za zamani. Nyuma ya kila ukurasa aliandika kwa penseli jina la mama, uzito wa mtoto, na jambo ambalo hakuna fomu iliyowahi kuliuliza: mama alikula nini, na mara ngapi kwa siku, katika kila mwezi wa ujauzito wake. Kalenda zilipokwisha, alikata mifuko ya saruji.

Miaka mingi baadaye nilimuuliza ni wazo gani la kisayansi lililomsukuma. Akasema hakuwa nalo. "Niliogopa mwaka ule ungepita kama ndoto," aliniambia, "ile ambayo ukiamka huikumbuki."

Karatasi zile alizifunga kwenye sanduku la bati na kuhama nazo kila alikokwenda: stashahada, shahada, kisha masomo ya uzamivu katika nchi ya baridi, ambako anasema miezi mitatu ya kwanza aliota ugali kila usiku. Huko ndiko alikokutana na epijenetiki. Tuliosoma mambo mengine tulieleweshwa na yeye hivi: chakula anachokula mama, au anachokikosa, kinaweza kuacha alama ndogondogo juu ya vinasaba vya mtoto aliye tumboni. Vinasaba vyenyewe havibadiliki. Alama ndizo zinazoamua kipi kifanye kazi na kipi kipumzike. Siku alipomweleza profesa wake kwamba ana rekodi za milo ya akina mama wa mwaka wa njaa, profesa alidhani hajamwelewa kwa sababu ya lugha. Mama Romana akamletea sanduku.

Alirudi mwaka 2007 kuwatafuta wale watoto, wakiwa sasa watu wazima wa miaka ishirini na mitatu hivi. Alitangaza katika kanisa la Katoliki, akatangaza katika la Kilutheri, akapita kwa miguu Nangara na Bonga akiwa na orodha mkononi. Akapata mia mbili themanini na saba. Mmoja wao, Wolfgang, dereva wa lori mwenye mabega ya mlango mzima, alizaliwa na kilo mbili na robo. Alipoambiwa hivyo alicheka mpaka akakaa chini, na akadai apimwe upya pale pale sokoni kwenye mzani wa magunia. Alipimwa. Baada ya hapo ilitolewa sindano ya kuchukua damu, naye akazimia. Ilibidi watu wanne wambebe, na Mama Romana aliandika hilo pia.

Mimi nilijiunga naye mwaka 2009. Nilijifunza mapema kwamba katikati ya sentensi angeweza kunyamaza na kuangalia mlima Kwaraa kupitia dirishani, hata dakika tano. Wanafunzi walisema, "Mama ameenda Kwaraa." Tulingoja. Aliporudi, mara nyingi alikuwa na jibu.

Mwaka 2014 matokeo yalikamilika. Kwa watu wetu wengi waliotungwa mimba katika miezi ya njaa kali tuliona alama zile, na pamoja nazo shinikizo la damu na sukari vilivyoanza mapema kuliko kawaida. Makala ilikuwa tayari. Washirika wetu wa nje walitaka itumwe wiki hiyo hiyo, kwa sababu kulikuwa na kundi jingine lililokuwa likikaribia jambo hilo hilo. Mama Romana akakataa. Alisema akina mama wa Babati hawatasikia habari za miili ya watoto wao kutoka redioni. Wasikie kwanza kutoka kwake.

Ilichukua miezi minane kuwafikia. Kundi lile jingine likatutangulia. Nakiri nilinuna wiki nzima, na sikumsalimia vizuri.

Kisha ukafika mkutano, katika ukumbi wa parokia. Alieleza yote kwa utulivu, kwa Kiswahili, na kwa Kiiraqw kwa wazee. Alipomaliza, mama mmoja wa Nangara, Katarina, ambaye binti yake Fabiola alikuwa ameonekana na shinikizo la damu akiwa hajafika thelathini, alisimama. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo ni mimi niliyemtia mwanangu ugonjwa?"

Mama Romana alifungua faili na kutoa kipande cha mfuko wa saruji ambacho sisi wa takwimu tulikijua kwa namba tu. Akasoma: Novemba 1984, mtoto wa kike, kilo mbili na gramu mia moja, mama amekula uji mara moja kwa siku. Jina la mama lilikuwa lake mwenyewe, Emerensiana. Mtoto alikuwa binti yake, Romana.

"Hatukuwanyima, Katarina," alisema. "Tulikosa pamoja nao."

Katarina alikaa. Aliyekuwa jirani yake akamshika mkono, na nilipotazama nyuma niliona safu nzima wameshikana. Sijanuna tena tangu siku hiyo.

Hakuna aliyejitoa kwenye utafiti. Badala yake walianza kuleta wajukuu, na kwa wale ambao mama zao walikula vizuri tukaona alama nyingi hazipo. Kliniki ya kila mwezi ya sukari na shinikizo iliyoanzishwa baada ya mkutano ule inaendelea hadi leo, na Fabiola ndiye anayeratibu foleni yake, kwa ukali unaojulikana.

Mama Romana anahamia Dareda, kwenye shamba la maharage. Anasema hatapima chochote. Hatumwamini.

Kuhusu sherehe: baada ya chakula cha mchana hakutakuwa na hotuba. Akina mama mia moja na arobaini wameomba kumsindikiza kwa miguu kutoka kituoni hadi njia ya Dareda, na ombi limekubaliwa. Wafanyakazi wavae viatu vya kutembelea.

Ahsante, Mama Romana, kwa penseli yako na kwa uvumilivu wako kwetu. Tunakutakia asubuhi ndefu zisizo na ratiba, mvua inayokuja kwa wakati, na ndoto tamu, ambazo safari hii huna haja ya kuziandika.