Kitinda, Aliyemuumba Bi Kibogoyo

Ndugu, majirani na marafiki, tumsikilize mtu wetu kwa mara ya mwisho kabla hatujamkabidhi kwa udongo. Maisha haya yameandikwa na dada yake mkubwa, ambaye ndiye anayeyasoma. Hayakupambwa, kwa sababu mwenyewe aliomba yasipambwe.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1974, mtoto wa nne na wa mwisho wa baba seremala na mama mshona mashuka ya hospitali. Jina la kwenye cheti alilitumia shuleni na kazini. Nyumbani alikuwa Kitinda tangu siku ya kwanza, na mpaka anafumba macho hakuna aliyemwita vingine. Walikaa nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba, na kwenye ukuta wa mbao palikuwa na ufa. Kupitia ufa huo Kitinda aliwachungulia wateja, kisha akawaigiza wakati wa chakula: yule anayekohoa kabla ya kusema uongo, yule anayejishika kiuno kila akitajiwa mkewe. Baba alimkataza, akisema ni utovu wa adabu. Mama alimwambia, "Endelea mwanangu, ila funga mlango kwanza."

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwetu kuanzia mwaka 1981, kisha sekondari ya wasichana, alikomaliza mwaka 1992. Alipenda baiolojia na uchoraji. Insha zake zilirudi na maandishi mekundu: "Watu wako wanaongea mno." Hakupunguza hata neno. Baadaye alijiunga na chuo cha ufundi wa tiba akasomea utengenezaji wa meno bandia, kazi ambayo baba aliielewa mara moja. "Ni useremala tu," alisema, "ila wateja wako wanang'ata."

Mwaka 1997 aliajiriwa katika maabara iliyo nyuma ya kliniki ya meno, akabaki hapo mpaka mapafu yalipokataa. Chumba chake kilikuwa chembamba, chenye dirisha moja, rafu za kalibu za plasta, harufu ya nta iliyoyeyushwa na redio isiyozimwa. Hakuwa anawaona wagonjwa. Aliletewa vinywa vyao vikiwa vya plasta, na kutokana na kinywa alikisia mtu mzima. Safari moja daktari aliletewa mjane mwanamume aliyeyakataa meno yake mapya, mazuri, yaliyopangika kama tasbihi. Daktari hakuelewa kasoro iko wapi. Kitinda akaomba picha ya zamani ya yule mzee, akaitazama, akarudi mezani na kumtengenezea meno yenye mwanya katikati, ule ule aliokuwa nao siku ya harusi. Mzee alijitazama kwenye kioo, akapitisha ulimi kwenye mwanya.

Mama yetu naye alipopukutika meno, Kitinda ndiye aliyemtengenezea. Mama aliyaita meno ya wageni. Akitaka kumwambia mtu ukweli aliyatoa, akayaweka juu ya meza, akasema: "Sina meno ya kutafuna uongo wako. Uteme mwenyewe." Kila mtu wa nyumba ile aliwahi kuketi mbele ya meno yale na kutema. Mama alifariki mwaka 2009.

Alikuwa ameolewa tarehe 18 Desemba 1999 na mpima ardhi, mtu mtaratibu, asiyependa kelele. Walijaliwa binti mmoja, ambaye leo ni muuguzi. Ndoa yao ilikuwa ya kucheka. Mume alikuwa akirudi kutoka porini na matope hadi magotini, na Kitinda alimpokea mlangoni kwa sauti ya karani wa forodha: "Una nini cha kutangaza?" Mume alikuwa akijibu, "Njaa." Hayo nayo yasemwe, kwa sababu yalikuwa kweli.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wengine hapa mlilisikia nusu nusu.

Miaka miwili baada ya msiba wa mama, runinga ilikuwa ikionyesha tamthilia ya mji wenye kuta, ambao hakuna aingiaye bila kuhojiwa langoni. Wapenzi wa tamthilia hiyo walikuwa na jumuiya yao mtandaoni, ambamo waliandika visa vyao wenyewe kuhusu mji ule. Kila mmoja alibuni wahusika wake, ambao hawakuwamo kwenye runinga, akawaleta ili wakutane na wa wenzake. Sheria ilikuwa moja, na kila mgeni aliambiwa: mhusika ni wa aliyemuumba. Wengine wanaweza kumwazima, lakini hawamwozi, hawamlemazi wala hawamuui bila ruhusa.

Humo ndimo Kitinda alimopata mahali pa kumweka mama. Alimuumba Bi Kibogoyo, mlinzi wa lango la mashariki, kikongwe anayetoa meno yake na kuyaweka mezani kabla ya kumhoji mtu. Wafalme walitetemeka mbele ya meno yale. Watu wa nchi asizozijua hata kwenye ramani walimwazima Bi Kibogoyo kwa visa vyao, wakamrudisha salama, na Kitinda alikuwa akiwasoma kwenye kochi huku akicheka peke yake. Mume alikuwa akiuliza, "Mama yako kasema nini leo?" Alijua ni nani yule. Hilo tulishike.

Mwaka 2014 wifi yake, dada wa mumewe, aliachika, akaja kukaa kwao. Alilala chumba cha nyuma mapazia yakiwa yamefungwa, chai ikimpoa mkononi. Kitinda ndiye aliyemtoa humo. Alimfungulia mapazia, akamkalisha kwenye kochi, akampa simu na kumwonyesha jumuiya ile. Akamfundisha kuumba mtu. "Usianze na jina, wifi. Anza na kinywa. Mtu huyu anaumauma nini akiogopa?" Wahusika wa kwanza wa wifi walikuwa wote warembo na hawakosei kamwe. Kitinda alikuwa akimtania: "Huyu naye hajawahi hata kuchelewa? Basi hajazaliwa!" Wakacheka. Wifi akapata nafuu, akapata kazi, akahama. Uzi wa hadithi baina yao haukukatika. Kitinda alimsimulia wifi habari zote za mama: misemo yake, hasira zake, alivyomeza mate kabla ya kumkaripia mtu. Kwake, wifi alikuwa dada aliyechelewa kuzaliwa.

Ndipo wifi alipoomba kumwazima Bi Kibogoyo. "Kisa kifupi tu, wifi." Kitinda akakubali bila kufikiri. Akiwa kazini, saa ya mapumziko, mkate mkononi, alisoma kisa hicho na kukuta Bi Kibogoyo ameuawa, ametupwa nje ya lango lake mwenyewe, meno yake yamekanyagwa. Alipopiga simu, wifi alimjibu kwa upole: "Hadithi ilinipeleka huko yenyewe, wifi. Mimi nimeifuata tu." Kitinda alilia kama aliyefiwa upya, lakini alimwamini.

Mwaka 2018 wifi alitoa kitabu. Ndani yake kulikuwa na mlinzi wa lango la mashariki, kikongwe anayetoa meno na kuyaweka mezani, aitwaye Bi Mapengo. Kitinda hakuambiwa, wala hakupewa nakala. Alikijua kitabu hicho kupitia redio ya maabara, akiwa anasugua taya la mtu. Mtangazaji alisoma kipande: "Sina meno ya kutafuna uongo wako. Uteme mwenyewe." Wenzake wakacheka kwa raha. Kitinda akazima mashine ili asikie vizuri. Mtangazaji akauliza, "Maneno haya mazito umeyatoa wapi?" Na wifi akajibu, kwa sauti iliyokaribia kilio, "Kwa bibi yangu mzaa baba, ndiye aliyenilea."

Dada yake Kitinda alikuwa jikoni kwake, redio ile ile ikisema. Aliketi sakafuni. Siku ile mama alizikwa mara ya pili, na safari hii kwa jina la mtu mwingine.

Bibi mzaa baba wa wifi alifariki kabla wifi hajazaliwa. Mume wa Kitinda alilijua hilo, kwa kuwa ni bibi yake pia.

Jumapili iliyofuata walikutana mezani kwa Kitinda: yeye, mumewe, dada yake na wifi, aliyekuja na keki. Kitinda hakupaza sauti. Alisema, "Wifi, uliniulia mtu ili umtoe mlango wa nyuma."

"Jamani, yale ni mambo ya kwenye simu," wifi alisema. "Jina si lile. Nani anamiliki kikongwe wa kubuni?"

"Hakuwa wa kubuni. Ulijua ni mama."

"Mama yako hakuwa mwandishi, wifi. Angebaki humo humo kwenye simu, asomwe na watu kumi. Mimi nimemtoa nje."

Kitinda akamgeukia mumewe. "Bibi yenu aliwalea lini?"

Mume akakata keki. Akaigawa, kipande kwa kila mtu, kisha akasema, "Mambo ya kubuni yasivunje nyumba ya kweli. Tule."

Dada yake aliondoka bila kuaga. Kitinda alibaki, kwa sababu ilikuwa nyumba yake. Baadaye alisema kwamba wifi alimwibia, lakini aliyemfungulia mwizi mlango, na kumshikia taa, ni yule aliyekata keki.

Alipeleka shauri kwa msimamizi wa jumuiya, akitegemea ile sheria moja. Msimamizi alijibu kwamba majina hayafanani, kwamba kitabu kimeiletea jumuiya sifa, na kwamba mwenye kinyongo apumzike. Alipotaka kujibu, alikuta amefungiwa nje. Wale waliomwazima Bi Kibogoyo miaka yote hiyo walimpongeza wifi hadharani. Wachache walimwandikia Kitinda faraghani kwamba wanajua ukweli, ila hawawezi kusema hadharani wasije nao wakafungiwa. Tangu hapo hakuumba mtu. Mchana alitengeneza meno, jioni alikaa kwenye kochi mikono imelala mapajani, na mumewe akirudi kutoka porini aliingia kimya, hakuulizwa ana nini cha kutangaza.

Mwaka 2020 alianza kukohoa. Madaktari walisema ni vumbi la miaka mingi la plasta na chuma kilichosagwa, limekaa kwenye mapafu na halitoki. Aliacha kazi mwaka uliofuata, akawa anavuta hewa ya mtungi, kwanza kwa saa chache, kisha mchana kutwa. Binti yake alimuuguza kama wauguzi wanavyosifiwa ila mara chache wanavyokuwa. Mumewe naye alimwogesha, alimgeuza, alimpikia uji. Hakuna atakayemnyima hilo.

Mwezi Machi mwaka huu wa 2023, wifi alifika hospitali na maua. Dada alikuwepo, mume alikuwepo. Wifi aliketi ukingoni mwa kitanda, akamshika mkono, akazunguka mbuyu kidogo, kisha akasema lililomleta. Alikuwa anaandika kitabu cha pili. "Nimekwama, wifi. Bi Mapengo haongei. Nikimfungua kinywa anatoa maneno yangu mimi. Nipe misemo yake kidogo tu, ile ambayo hukuwahi kuniambia."

Mume akainama akamwambia mkewe, "Msaidie tu. Una haja nayo gani sasa?"

Kitinda alicheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, binti akakimbia kumwinua. Alipopata pumzi akamtazama wifi, akasema, "Kamuulize bibi yako."

Wifi aliondoka na maua yake. Mume alibaki ameketi, na Kitinda akageukia ukutani.

Jioni ile ile alimwambia dada yake, "Nikifa utasoma wewe. Usiandike kwamba nilisamehe. Watu wakizikwa wote huwa wamesamehe. Mimi sijasamehe, na usinisamehee." Dada alimwambia kwamba watu watasema amepeleka fitina makaburini. "Waseme," alijibu. "Mama angetoa meno."

Kitinda alifariki tarehe 14 Juni 2023, asubuhi, nyumbani, binti yake akiwa amemshika mkono. Alikuwa na miaka arobaini na tisa.

Ameacha mume, binti mmoja, dada mmoja, kaka wawili, na wifi. Wote wako hapa, na wote wataweka udongo.

Ameacha pia mtu mmoja zaidi. Katika wiki zake za mwisho alianza tena kuumba, kwa mdomo tu, neno moja kwa pumzi moja, binti upande huu wa kitanda na dada upande ule. Alimpa mtu huyo kinywa kwanza, kisha woga wake, kisha kicheko, na mwisho kabisa jina. Hakutaka aandikwe popote. Hatutamtaja hapa jina lake, wala kazi yake, wala anavyocheka, maana masikio ni mengi. Wanaomjua ni wawili, na kwao yu mzima.

Alale Kitinda wetu. Amani aliyonyimwa mezani kwake, aikute hapa.