Meta Kwanza, Makasi Nyuma: Maisha ya Mama Zainabu Okito na Goti Lake

Assalaam aleikum kwenu ndugu Waislamu, na amani kwenu ndugu Wakristo mliofika tangu asubuhi na viti vyenu juu ya kichwa, mimi Idrissa Okito, mdogo wa marehemu, mzaliwa wa mwisho wa tumbo lile lile, nimepewa na famille kazi ya kusoma karatasi hii, na ninajua wengi wenu mkiniona nimesimama mbele ya watu mnajiandaa kucheka, kwa sababu miaka karibu thelathini mmeniona jukwaani nikianguka na suruali yangu, basi leo mnisamehe, nikikohoa ni kikohozi kweli, na nikinyamaza msipige makofi.

Mama Zainabu Okito alizaliwa Kibombo tarehe 9 mwezi wa nne mwaka 1958, mtoto wa kwanza kati ya sita wa mzee Okito Amisi, mfanyakazi wa reli, na mama Mwamini Sefu, mlimaji wa mpunga, na mwaka 1963 baba alipohamishiwa stesheni ya Kindu, famille yote ikapanda treni pamoja na mbuzi wawili, na marehemu alituambia maisha yake yote kwamba mbuzi walipata nafasi ya dirishani.

Alisoma shule ya msingi hapa Kindu kuanzia 1965 mpaka 1971, kisha akaingia foyer social, ambako kwa miaka miwili alijifunza kukata na kushona, akatoka mwezi wa saba 1974 na cheti, na meta ya kitambaa, ile ya kupimia mwili, shingoni, ambayo sikumbuki siku hata moja nilimwona bila hiyo, hata kwenye sikukuu, hata kwenye kilio.

Mwaka 1975, ambao njo mwaka nilizaliwa mimi, alianza kazi yake chini ya baraza karibu na soko, na mashini moja ya kukanyaga kwa miguu, akiniweka mimi ndani ya kikapu cha vipande vya vitambaa, na hapo amefanya kazi miaka hamsini, akishona uniforme za wanafunzi, kanzu za Waislamu, majoho ya kwaya za Wakristo, magauni ya ndoa za watu wote, na amefundisha wasichana ambao leo wana baraza zao katika miji ya Punia na Kama na mbali zaidi, na kila mmoja anakumbuka maneno aliyoandika kwa chaki ukutani, akiyarudia kila mvua ilipoyafuta: Meta kwanza, makasi nyuma, maana alisema mwenye kukata mbele ya kupima anaomba msamaha kwa kitambaa, na kitambaa hakisamehe.

Tarehe 18 mwezi wa nane 1979 alifunga ndoa na bwana Djuma Selemani, seremala, mtu mpole, aliyefika barazani kupimwa suruali moja mara tatu katika juma moja bila kunenepa, mpaka baba yetu akamwuliza, "We kijana, unatafuta suruali ao unatafuta mushonaji?" naye akajibu akiangalia chini, "Baba, suruali nilishapata," na Mungu akawapa watoto watatu, Sofia mwaka 1981, Amisi mwaka 1984, na Falone mwaka 1992, bwana Djuma akatutangulia mwaka 1997, na Falone akafuata mwaka 2001, katika vita, kwa surua, akiwa na miaka tisa, siku ambazo dawa haikuwa inafika Kindu kwa njia yoyote, na marehemu alishona mwenyewe sanda ya yule mtoto, akaipima mara mbili.

Wakati ule wa vita reli ilikuwa imenyamaza miaka, majani yameota katikati ya vyuma mpaka kiuno, na asubuhi moja ya mwezi wa kumi 2002 risasi zilipoanza, watu wa kartye yetu, mtaa mzima, wakakimbia kuvuka reli, mimi mbele, mwanaume wa miaka ishirini na saba, nikiwa nimebeba kuku mmoja ambaye baadaye tuligundua alikuwa amekufa tayari, na dada nyuma, amemshika mama yetu mkono, kichwa cha mashini kimefungwa ndani ya kikwembe juu ya kichwa chake, mama akipiga kelele, "Zainabu, tupa hiyo chuma, utakufa nayo!" naye akijibu bila kupunguza mwendo, "Mama, hii chuma njo shamba yetu, nikiitupa tutakula nini, kuku ya Idrissa?" na neno hilo lilikuwa bado mdomoni mguu wake wa kulia ulipozama katikati ya mbao za reli, ndani ya majani, mwili ukaenda mbele na goti likabaki nyuma, akaanguka, na mashini haikuguswa na udongo, aliishika.

Mimi sikugeuka, hilo ninalisema mbele yenu wote kwa sababu yeye hakulisema hata siku moja, wengine njo walimwinua, na goti lile halikupata munganga wa hospitali mpaka vita vilipoisha, lilipata maji ya moto na majani tu, na tangu siku ile mguu wa kushoto peke yake ulikanyaga mashini, mguu wa kushoto njo ulisomesha Sofia akawa kinési, fundi wa kunyoosha viungo vya wagonjwa, njo ulisomesha Amisi, njo ulinilisha mimi kila mara jukwaa liliponitupa.

Lakini kilichomuuma zaidi hakikuwa kukanyaga, kilikuwa sala, kwa sababu goti lilikataa kukunjika, akasali juu ya kiti miaka zaidi ya ishirini, na shehe alipomwambia kwamba mgonjwa ana ruhusa, Mungu anapokea, alijibu, "Najua anapokea, shehe, lakini kiti ni ya wateja, mimi ninataka paji langu liguse udongo kabla udongo haujanifunika," na hilo, ndugu zangu, njo jambo moja tu ambalo marehemu aliomba duniani kwa ajili ya nafsi yake.

Mwaka 2019 goti likafunga kabisa, radio, ile picha ya mifupa, ikaonyesha mfupa unasaga mfupa, na mwezi wa kumi na mbili 2023, baada ya watoto wake kuhangaika muda mrefu, Sofia alipata munganga mmoja huko Uhindi, akazungumza na famille nzima kwa simu iliyoegemezwa juu ya kopo la maziwa ya unga, hapa hapa katika uwanja huu, mtu akimtafsiria kwa Kifaransa na Sofia akituletea kwa Kiswahili, akatueleza kwamba goti la kutengenezwa si la namna moja, kuna lile lenye kizuizi katikati, linalofanya kazi ya kano zilizokufa, lina nguvu, unatembea bila hofu lakini usitegemee kupiga magoti nalo, na kuna lile linaloacha mfupa uzunguke kwa uhuru, linakunjika zaidi, ila linahitaji kano za mtu mwenyewe ziwe bado zinashika pande zote mbili, na kwa goti lililovunjika miaka ile yote, picha peke yake haiwezi kusema kano zina nguvu gani.

Akasema wao wanatumia mkono wa roboti, haukati peke yake, mkono wa munganga njo unaushika, ule kazi yake ni kumzuia asipite mstari waliouchora juu ya picha ya mfupa, na kumpimia kwa milimita nafasi iliyo katikati ya mifupa, goti likikunjwa na likinyooshwa, kwa hiyo aliomba jambo moja, mgonjwa asaini kwamba munganga atachagua namna ya goti mle ndani, akishapima, akaongeza kwamba hata hivyo hamwahidi mtu kusujudu, na dada yangu, ambaye sisi wote tulifikiri haelewi, alisogeza uso karibu na kopo la maziwa akauliza, "Munganga, basi ni kama essayage, unapima, unavalisha ya kujaribu kwanza, ikikaa muzuri njo unashona ya kweli?" na tulipomwona munganga wa Uhindi anacheka kabla ya tafsiri ya jibu lake kutufikia, tukajua amejibu ndiyo, kweli huwa wanaweka goti la kujaribu kwanza, na dada akasema, "Hapo nimesikia. Achague mule ndani, akishapima."

Ingeishia hapo, ndugu zangu, karatasi hii ingekuwa fupi na mimi ningeisoma kwa sauti, lakini sisi ni watu wa kikao, mgonjwa kwetu hasaini peke yake, na hofu ikaanza kuzunguka uwanja, mashini kumchagulia mtu kiungo, jirani yetu mwema mama Kyakimwa, ambaye yuko hapa na ameniruhusu nimtaje, akauliza kwa roho safi, "Na courant ikikatika, goti likiwa wazi?" na mimi, ambaye kazi yangu mnaijua, nikasimama, nikawa roboti, nikapasua goti la hewa, courant ikakatika, umeme hakuna, nikaganda na kisu mkononi, jicho moja wazi, nikingoja mtu aende sokoni kutafuta mafuta ya groupe, ile jenereta, na mtu huyo anarudi na mafuta ya mawese, watu wakaanguka, mama Kyakimwa akalia machozi, na watu walipokuwa bado wanajipangusa nikasema, "Dada, tusibahatishe, sainia goti la nguvu, hilo hilo tu, Mungu anakuona hata juu ya kiti," na kicheko njo kilipiga kura, wote mikono juu.

Yeye alicheka wa mwisho, akasema, "Sawa, Bwana Roboti, umeshinda," akasaini kwamba anataka lile la nguvu peke yake na si lingine, kisha akaingia ndani, na mimi nilimwona kupitia mlango akikunja mkeka wa sala aliokuwa ameutoa ndani ya kantini, sanduku lake la bati, asubuhi ile, akaurudisha chini kabisa, akaweka vitambaa juu, nami nikafikiri anapanga nyumba.

Alipasuliwa huko Uhindi, Sofia pembeni yake, tarehe 6 mwezi wa pili 2024, upasuaji ukaenda vizuri, siku ya pili alisimama, mwezi wa nne alirudi Kindu akashuka ndege bila fimbo, mwezi wa sita akakanyaga mashini kwa miguu miwili, wasichana wa baraza wakapiga vigelegele mpaka wapanda pikipiki wakasimama, na kila Ijumaa baada ya sala aliniita kwa simu, "Bwana Roboti, kuja kula, courant iko," nami nilikwenda, nilikula, nilijisifu mbele ya wageni kwamba goti lile nililichagua mimi.

Tarehe 11 mwezi wa nane 2025, siku ya Jumatatu, saa nne ya asubuhi, akiwa barazani anapima mtoto wa shule, presha ilimpanda, akaketi, akasema, "Mumalizie huyu mukono," akapelekwa hospitali, waganga wakajitahidi mpaka jioni, saa kumi na moja akatuacha, akiwa na miaka sitini na saba, watoto wawili, wajukuu saba, na uniforme kumi na moja ambazo zimekatwa na hazijashonwa.

Karatasi hii nilikuwa nimeimaliza jana, ikifika hapo na shukrani, lakini leo asubuhi wanawake walipomaliza kumwosha, Sofia alitoka, akaniambia kovu la goti limenyooka kama mshono wa mama mwenyewe, akalia, kisha akaniambia jambo alilolibeba mwaka mmoja na nusu, kwamba kesho yake ya upasuaji munganga alifika kitandani, akasema ukweli, mle ndani roboti ilipopima, kano zilikuwa zinashika pande zote mbili, lile goti lingine lingekaa, lakini aliheshimu sahihi, na dada yangu alisikiliza mpaka mwisho, akamshika Sofia mkono, akasema, "Usimuambie Idrissa. Atashindwa kuchekesha watu, na ule mutu hajui kazi ingine."

Kwa hiyo ndugu zangu, mwanamke aliyetufundisha sisi wote meta kwanza na makasi nyuma, sisi tulimkatia bila kupima, mimi njo nilishika makasi, na yeye akalivaa vazi lile, akalisifu, akanilisha nalo kila Ijumaa.

Famille inawashukuru waganga wa Uhindi, hasa yule aliyesema ukweli ambao angeweza kuuficha, waganga na wauguzi wa hapa Kindu walioshindana na presha tangu asubuhi mpaka jioni, mama Kyakimwa na majirani wote wa kartye waliopika, waliochota maji na waliolala juu ya mikeka pamoja nasi, wafanyabiashara wa soko waliofunga maduka, na wasichana wa baraza, ambao wameahidi kwamba zile uniforme kumi na moja zitakuwa tayari siku ya kufungua shule, na tunaomba mwenye deni la maneno na marehemu amsamehe, kama yeye alivyotusamehe bila kutuambia.

Sasa tunakwenda, dada, na tukifika mimi njo nitashuka shimoni kukupokea, safari hii sitatangulia mbele na kuku, nitafungua sanda upande wa uso, kama sheria inavyotaka, niweke shavu lako la kulia juu ya udongo, taratibu, mpaka liguse, na nitapima kwanza, ninakuapia, nitapima kwanza.

Pumzika kwa amani, Zainabu wetu, leo hakuna kiti.