Germaine Nkandu na Deni la Masomo Lililolipwa Mara Mbili

Marehemu Germaine Nkandu alizaliwa Sakania tarehe 4 Machi 1927, mtoto wa kwanza wa Anselme Chomba, mfanyakazi wa njia ya reli, na mama Félicité Mwansa. Mimi ninayewasomea maneno haya hapa kaburini ni mdogo wake, Pierre.

Alisoma kwa masista wa Sakania. Mwaka 1944 alikuja Élisabethville kujifunza ukunga. Chama kimoja cha kusaidia wasichana kilimkopesha faranga 2,400 za masomo. Baba alitia kidole kwenye karatasi ya Kifaransa ambayo hakuna aliyemsomea.

Alimaliza mwaka 1947, akaanza kazi ya kuzalisha. Akina mama walimpenda. Alikuwa akipima mtoto na kusema, "Mama, umezaa kilo tatu ya sukari!" Hata aliyekuwa analia alicheka.

Kuanzia Septemba mwaka ule, chama kilimkata faranga 50 za mshahara kila mwezi. Baba alipomuuliza, "Banakukata?" alijibu, "Hapana, baba." Hakutaka kumsumbua. Baba naye alikuwa analipa 50 kwa wakala wa chama pale Sakania tangu Julai, naye hakusema.

Oktoba 1949 baba alianza kukohoa damu. Mama alimsihi apumzike. Akamjibu, "Nikilala, nani atalipa masomo ya mutoto?" Alifia kazini tarehe 17 Januari 1950, mvua ikinyesha.

Katika sanduku la baba, dada alikuta risiti 31 za chama. Aliziweka pamoja na zake 29, akahesabu, akakaa chini. Deni lilikuwa limekwisha Julai 1949, kabla baba hajaanza kuugua. Zilizozidi zilikuwa faranga 600.

Alipeleka risiti zote kwenye ofisi ya chama, kwa karani Godefroid.

"Mamzelle, kitabu ya Sakania iko ya Sakania. Ya huku iko ya huku."

"Karatasi inasema alipe mimi ao baba. Haisemi tulipe shiye bote wawili."

"Franga ikisha kuingia, hairudiake."

Hazikurudi. Makato yenyewe yalisimama mwezi wa Machi tu. Tangu hapo, kila msichana aliyekuja kujifunza ukunga, dada alimketisha, akamsomea karatasi yake ya mkopo kwa Kiswahili, akamwambia, "Andikia baba yako leo: nani analipa, na ngapi."

Alifunga ndoa na Rigobert Kapya, seremala, tarehe 2 Agosti 1952. Mungu aliwapa watoto wawili.

Mwaka jana miguu ilianza kuvimba. Waganga wa hospitali walisema ni figo. Siku moja aliniambia, "Pierre, ningemwambia baba kweli, angelala." Alifariki tarehe 9 Juni 1958, akiwa na miaka 31.

Ameacha mume wake, Rigobert, watoto Wivine na Musonda, mama yetu Félicité, na mimi.

Desturi inataka tuulize kaburini kama kuna anayemdai marehemu. Mama amesema tusiulize.

Germaine, lala. Bwana akupe mapumziko ambayo baba yetu hakuyapata.