Mama Chaki Anaweka Chaki Chini

Ijumaa ya tarehe 30 mwezi huu, saa kumi alasiri, fundi msimamizi wa karakana yetu, ambaye sote tunamwita Mama Chaki, atastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Barua ya ofisi inasema umri umefika. Sisi tunajua ulifika kitambo, ila ulimkuta chini ya gari ukaogopa kumsumbua.

Alianza kama mtunza stoo ya vipuri. Kosa lake lilikuwa kuwauliza mafundi kwa nini wanarudi kuchukua kipuri kilekile mara tatu. Walipochoka na maswali wakampa ovaroli, tena ya mwanamume mrefu, naye akaikunja miguu mara nne na kuingia kazini. Baada ya miaka miwili, maswali yakawa yanaulizwa kwake.

Jina lake lilitokana na desturi moja: hafungui kitu kabla ya kuchora mstari wa chaki unaopita pande zote mbili za kiungo, ili kirudi kilivyokuwa. Mumewe anasimulia kwamba walipohama nyumba, kabati lao lilikuwa na mistari kila pembe, na ndilo pekee lililosimama bila kuyumba. Madereva nao wanamkumbuka kwa methali. Ukificha kasoro ya gari, atakwambia mficha maradhi kifo humuumbua, kisha atakumiminia chai.

Miaka kumi na mmoja iliyopita, gari la wakunga lilirudi likitetemeka. Ni lile linalovuta kwa magurudumu yote manne, la pekee linalofika zahanati za mlimani. Likikolea mwendo, mkunga mkubwa alilazimika kushika meno yake ya bandia kwa mkono. Tairi zilipimwa, giaboksi ikafunguliwa, hakikuonekana kitu. Ofisi ikaandaa barua ya kuliondoa gari kazini, na mkuu wa karakana akataka kumjua aliyelishika mwisho. Alikuwa fundi mgeni, bado kwenye majaribio, mwenye mdomo mrefu kuliko spana zake. Kosa moja tu lingemrudisha nyumbani kwa mke na watoto wawili.

Mama Chaki hakukimbilia spana. Alikaa ndani ya gari, nyuma kabisa, juu ya tairi ya akiba, dereva akaendesha, naye akasikiliza kwa makalio, kama apendavyo kusema. Kisha akachomoa propela ya nyuma, ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu kwenye ekseli, akaunganisha nguvu ya mbele, wakatoka tena. Gari lilivutwa na magurudumu ya mbele peke yake, nalo likatulia tuli. Ugonjwa ulikuwa kwenye propela aliyoiacha sakafuni. Ina vipande viwili vinavyochomekana, na viungo vya ncha zake lazima vikae mkao mmoja. Hivi vilikuwa vimepishana, kwa sababu aliyeipaka grisi aliitenganisha bila kuchora mstari, akairudisha kwa kukisia. Mama Chaki aliizungusha, akaichomeka upya na kuifunga. Mchana huohuo wakunga walipanda mlima, meno yakiwa mahali pake.

Mkuu alipouliza kosa ni la nani, Mama Chaki alijibu kwamba gari halitoki getini bila yeye kulikagua, kwa hiyo kosa ni lake. Akapewa barua ya onyo. Ndiyo pekee iliyomo kwenye jalada lake kwa miaka yote thelathini na mmoja.

Fundi yule ni mimi ninayeandika wasifu huu. Siku ile Mama hakunifokea. Alivunja chaki yake vipande viwili, akanipa kimoja, akaniambia nikaoshe mikono tunywe chai. Niliona aibu, nikanyamaza, na aibu ikakua kila mwaka. Leo asubuhi nimempelekea mkuu barua yangu. Nimeomba lile onyo litolewe kwenye jalada lake, liwekwe kwenye langu, naye amekubali.

Mama Chaki, kwa niaba ya mafundi, madereva na wakunga, asante sana. Tunakuombea afya, usingizi mzito na miaka mingi ya raha na mzee wako. Jalada lako, Mama, unaondoka nalo likiwa safi.