Dkt. Leonida Patrisi Gwandu na Atomu Zilizokaa Juu ya Dhahabu

Baba Padre, ndugu na majirani, tunayemsindikiza leo ni Dkt. Leonida, mtoto wa tatu wa mzee Patrisi Gwandu na mama Cresensia, aliyezaliwa tarehe 9 Juni 1968 hapa Oldeani, katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la kahawa.

Alianza shule ya msingi hapa hapa mwaka 1976, akasoma sekondari Arusha, akahitimu shahada ya fizikia Dar es Salaam mwaka 1993, kisha akafundisha sekondari mjini Karatu. Tarehe 16 Desemba 1995 alifunga ndoa na ndugu Noel Mushi, fundi wa magari ya watalii, wakajaliwa binti mmoja, Angel, ambaye alikuwa na mwaka mmoja tu mama yake alipopata ufadhili wa kwenda Ujerumani kusomea shahada ya uzamivu, na mtoto akabaki kwa bibi yake.

Kazi ya Leonida huko ilikuwa kuzipoza atomu, chembe ambazo jicho halizioni, kwa miale ya leza mpaka zikaribie kutulia kabisa, kisha kuzinasa kwa sumaku zielee juu ya kibao chenye nyaya za dhahabu nyembamba kuliko unywele, kwa matumaini ya kupata siku moja vipimo na kompyuta za aina mpya. Lakini kila alipozisogeza karibu na dhahabu zilitoweka, na kwa miaka miwili wenzake waliamini chombo kisicho na hewa zilimonaswa kinavuja na kuingiza hewa, wakamsihi abadili utafiti asije akakosa shahada. Alikataa kwa upole, akisema joto la dhahabu yenyewe ndilo linalozifukuza, na kwamba dhahabu ikipungua nalo litapungua, akaomba kibao chenye dhahabu nyembamba zaidi, ambacho wengi walihofia kitaungua umeme ukipita. Machi 2001 kilistahimili, na atomu zikakaa.

Alipiga simu kwenye duka moja la Karatu, akaitwa mama Cresensia kuipokea, na mama, aliyekuwa akiuliza miaka yote ni kitu gani hicho kinachomtenga na mwanawe, akamuuliza kama sasa ameziona.

“Nimeona kivuli chao kwenye picha, mama, na hakikuondoka.”

“Basi rudi nyumbani,” mama akamjibu.

Alirudi mwaka 2002 akiwa daktari wa falsafa, akafundisha Dar es Salaam, na kila likizo alikuwa hapa. Septemba 2006 aligundulika kuwa na saratani ya titi, na dawa ziliposhindwa aliomba kuletwa Oldeani, ambako alimfundisha Angel hesabu akiwa kitandani, hadi alipofariki alfajiri ya tarehe 11 Machi 2008.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliolisukuma kwenye matope gari lililomleta, na wafanyakazi wenzake wa hapa na wa Ujerumani, ambao wameandika kwamba kile kibao bado kinafanya kazi.

Pumzika kwa amani, Leonida, Angel tunaye.