Makopo Mia Tisa na Sitini

Benchi letu lilikuwa mbele ya kibanda cha kahawa cha Abdikarim, nyuma kidogo ya soko la Migori, mahali ambapo moshi wa jiko lake ulituingia machoni kila asubuhi na bado hakuna aliyehama. Ulikuwa mwaka wa tisini na sita. Kabla sijapanga viatu vyangu vya mitumba, nilikuwa nimeshakaa hapo na wenzangu watatu. Barnabas, fundi wa redio, tulimwita Redio, na si kwa sababu ya kazi yake peke yake. Oliver tulimwita Nairobi, maana aliwahi kulinda geti huko miaka miwili na tangu arudi hakuna jambo la Nairobi asilolijua. Wa tatu ni Nicodemus, karani wa forodha mpakani. Huyu hakuwa na jina la utani mpaka wakubwa wake walipomwita Homa Bay kwa semina ya siku moja, akarudi na faili la karatasi za kujaza kila mwezi: bidhaa bandia zilizokamatwa, aina, idadi, zilikotoka. Tangu siku hiyo akawa Fomu.

Asubuhi moja ya mwezi wa sita, Fomu alikuja na faili lake, akaliweka mapajani kama mtu aliyebeba mtoto wa wenyewe.

Redio: Haya, tusomee. Mwezi wa tano mmeshika nini?

Fomu: Hakuna.

Redio: Na wa nne?

Fomu: Hakuna.

Redio: Omera, ndugu yangu! Mimi jana nimefungua redio moja nikapata ndani wameweka kipande ya matofali, ndio ikae nzito. Betri ukiweka leo, kesho inatoa uji. Wembe ndevu ya kwanza inakata, ya pili inang'oa. Na wewe unaandikia serikali ati hakuna?

Fomu: Sikiza basi. Hii karatasi inataka tu kitu yenye imekamatwa. Kukamata, lazima kwanza ithibitishwe ni feki. Kuthibitisha, sampuli iende ikapimwe. Mimi nilituma dawa ya meno mwezi wa tatu. Majibu bado.

Nairobi: Majibu gani? Hiyo walishapigia mswaki.

Tulicheka. Fomu pia alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayelinda mkate wake.

Nairobi: Mimi nawajua hao watu. Wanataka kujua feki ya bei nzuri inapita mpaka gani, ndio wakiwa na harusi watume dereva.

Redio: Wewe unafikiria kidogo sana. Hizo namba zinaenda ng'ambo. Huko wazungu wanakaa kwa meza wanasema, Kenya imehesabu, tuwape msaada. Msaada unakuja, unanunua karatasi zingine.

Nairobi: Na hizo karatasi pia ni feki. Fomu, inua moja kwa jua tuone.

Redio: Hata yule jamaa aliwafundisha Homa Bay, mlimwona kitambulisho?

Fomu: Alikuwa na tai.

Redio: Tai! Kosele sokoni tai zimeanikwa chini kama omena, dagaa wa ziwa!

Nairobi: Mimi nasema hata mpaka wenyewe ni feki. Ule wa kweli uko mbele huko porini. Huu walituchorea tu ndio tuwe na mahali pa kupanga laini.

Hapo kahawa ilinipanda puani. Nilipokuwa nikijifuta ndipo nikamwona mtu amesimama kando ya kibanda, mrefu, gambuti miguuni, gunia begani. Alikuwa anatungoja tumalize. Alisema anaitwa Maroa, Mkuria wa vijiji vya kule karibu na mpaka, na alikuwa ametembea tangu alfajiri.

Maroa: Hamjambo wazee. Nimeambiwa mtu mwenye anaandika vitu feki anakunywa kahawa hapa.

Redio: Ni huyu. Mpe jina yako, utajibiwa mwaka wa elfu mbili.

Tulicheka tena. Maroa hakucheka. Alifungua gunia akatoa kopo la dawa ya kupe, lile la bati lenye picha ya fahali, akaliweka juu ya benchi katikati yetu.

Alitueleza polepole, kwa Kiswahili cha kuchagua neno baada ya neno. Josho la kijiji chao lilikauka mwaka juzi, kwa hiyo kila mtu akawa anajinunulia dawa na kunyunyizia ng'ombe wake kwa pampu ya mgongoni. Yeye aliuza mbuzi akanunua kopo hilo hapa mjini. Alikuwa na ng'ombe tisa. Aliwanyunyizia kila Jumamosi, majuma matano.

Maroa: Kupe hawakuanguka. Nikasema labda mimi nachanganya vibaya. Nikaongeza dawa. Wakazidi kunenepa. Kisha yule wa maziwa akavimba hapa, chini ya masikio, akakataa nyasi. Siku ya tano akalala. Baada yake wengine. Watano wameisha. Wa mwisho ni jana asubuhi, fahali wa kulima. Alikuwa analima na ndugu yake, fahali mwenzake. Sasa huyo ndugu anasimama kwa mlango ya boma ananiangalia mimi. Nimekosa mahali pa kuweka macho.

Mimi mwenyewe nina ng'ombe wawili kwetu, nikajikuta naangalia viatu vyangu.

Maroa: Ile dawa ya zamani, ukiweka ndani ya maji inageuka nyeupe kama maziwa. Hii nilidhani ni ya kisasa.

Abdikarim alijaza glasi maji akaisogeza kwetu. Fomu akainamisha kopo, yakadondoka matone yaliyobaki chini. Tulisubiri. Maji yalibadilika rangi kidogo, yakawa kama maji yaliyooshewa kikombe cha chai. Hayakuwa meupe. Redio akanusa.

Redio: Sabuni. Sabuni na rangi.

Fomu alikuwa ameshika kopo juu karibu na pua, anasoma namba ndogo zilizopigwa chini ya picha ya fahali. Alizisoma mara mbili. Kisha akafungua mkoba wake akatoa daftari, si ile fomu ya Homa Bay, ni daftari lake la kila siku la mizigo inayopita, akapekua kurasa.

Fomu: Machi, tarehe kumi na mbili.

Nairobi: Ni nini tarehe kumi na mbili?

Fomu: Dawa ya mifugo. Namba ni hii hii.

Redio: Kwani zilipita mbele yako?

Fomu: Mbele yangu. Karatasi safi, muhuri safi, ushuru umelipwa. Nilipanda kwa lori nikahesabu mwenyewe. Katoni arobaini. Nikamwambia dereva safari njema.

Hakuna aliyemcheka. Kwa miezi minne tulikuwa tumemdhihaki mtu huyu kwamba hakuhesabu kitu, kumbe alikuwa amehesabu, tena vizuri, upande wa bidhaa halali.

Maroa: Katoni moja inabeba kopo ngapi?

Fomu: Ishirini na nne.

Abdikarim, bila kugeuka kutoka kwenye jiko: Mia tisa na sitini.

Maroa alitazama kopo lake, kisha akamtazama Fomu. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayeulizia njia.

Maroa: Hii ni moja. Hizo zingine ziko kwa boma ya nani?

Fomu alifungua daftari tena, kama kwamba jibu lingekuwa ukurasa wa pili. Nairobi, anayejua kila kitu, alikwaruza ukingo wa benchi kwa ukucha. Redio alilichukua kopo akaligeuza mkononi.

Mwishowe Fomu alisimama na kahawa yake nusu.

Fomu: Mimi bila barua siwezi kukamata. Na barua itatoka baada ya kupima.

Redio: Kamata wewe ukipata barua. Mimi sihitaji barua. Niko na kipaza sauti na betri mbili za kweli, nilizificha.

Ndivyo ilivyoanza. Siku hiyo hiyo Redio na Maroa walizunguka soko la Migori na debe la maji na glasi. Redio alipaza sauti: leta dawa yako tuitie majini, isipogeuka nyeupe usimwagie ng'ombe! Wenye maduka waliwatukana. Mmoja alimrarua Redio shati, akisema wametumwa na washindani wake. Siku ya soko Kosele tulipanda gari wote, mimi nikafunga biashara yangu. Tulifika hadi Kisegi, kando ya ziwa, ambako mama mmoja anaitwa Kezia alileta makopo matatu ambayo hakuwa ameyafungua. Maji yalipokataa kuwa meupe, alikaa chini palepale sokoni na kanga yake mdomoni. Ndama wake walikuwa bado wazima. Kila tulipopita, watu walileta makopo matupu na habari za ng'ombe waliokwisha kufa. Hizo hatukuwa na mahali pa kuziandika. Nairobi alijaribu kuziandika nyuma ya kalenda, akaacha.

Makopo ambayo hayajafunguliwa tulipata sitini na moja katika majuma manne. Wenyewe waliyakabidhi kwa hiari, na Fomu akayapeleka ofisini kwa lori la mchanga. Alisimama mbele ya mkubwa wake akamwambia, barua au bila barua, haya hayatoki tena. Yalimwagwa kwenye shimo, yeye mwenyewe akiyatoboa kwa msumari moja moja. Kisha akajaza fomu yake ya kwanza yenye namba.

Mwezi wa tisa barua ilikuja. Alitusomea benchini asubuhi ya kuondoka, sanduku lake la safari likiwa miguuni. Ilisema kwamba vituo vyote vya mpakani havikuwa na bidhaa bandia hata moja, isipokuwa chetu. Kwa hiyo wakubwa walikuwa wamesikitishwa na hali ya kituo hicho, na karani mhusika alikuwa anahamishwa mara moja, aende ufuo mmoja mdogo ng'ambo ya Kisegi, akahesabu mashua za omena.

Redio: Mnaona! Wenye kufumba macho ndio wasafi! Huyu aliona, sasa ati yeye ndiye aliyeleta! Si wangesema tu yeye ndiye alizizaa hizo kopo!

Nairobi: Na mwenye ile lori ya Machi?

Fomu: Karatasi zake ni safi.

Redio alitukana wakubwa mmoja baada ya mwingine, kuanzia wa mpakani kwenda juu, mpaka akafika mahali ambapo mwaka ule mtu hakufika kwa sauti, na Abdikarim akamwashiria ashushe. Maroa alikuwepo pia. Alikuwa amesikia kwamba Fomu anahama, akaja kumuaga. Jirani alikuwa amemwazima fahali wa kulima na yule aliyebaki, akapata kupanda nusu ya shamba. Alimpa Fomu mkono, wakakaa wameshikana muda mrefu kuliko wanaume wanavyokaa pale kwetu.

Mimi: Nico, unajuta?

Alikunja barua akaiweka ndani ya faili, pamoja na nakala ya fomu.

Nicodemus: Nilihesabu mia tisa na sitini nikaona ni kazi nzuri. Nikahesabu sitini na moja nikaona ni aibu. Lakini hizo sitini na moja nilizitoboa na mkono wangu. Hakuna mtu ataamka asubuhi kuzika ng'ombe kwa sababu yazo.

Akachukua sanduku lake akavuka barabara kutafuta gari la kwenda ziwani. Hakuna aliyemwita kwa jina la utani.